Kikinga-jua cha gari kikilegea, usingoje kikuangukie machoni

Ilikuwa asubuhi ya Januari, saa moja na dakika chache, nikiteremka kutoka Miritini kuelekea mjini. Watoto wawili kiti cha nyuma, mmoja bado anatafuna mkate wake. Tulipokaribia Changamwe jua likanipiga usoni, nami nikashusha kile kibao cha juu ya kioo cha mbele, kama nifanyavyo kila siku. Gari likaruka tuta. Kibao kikashuka chote, kikakata barabara yote mbele yangu. Nikakisukuma juu kwa mkono wa kushoto, kikashuka tena. Nilipokisukuma mara ya pili nikaona tuktuk imesimama kushusha abiria, na mama mmoja ameshatia mguu chini, amemshika mkono mtoto mwenye mkoba wa shule.

Nilikanyaga breki mpaka mkate wa yule mwanangu ukafika kwenye dashibodi. Alhamdulillah, gari lilisimama. Zilibaki hatua mbili, pengine tatu. Yule mama hakunitukana. Alinitazama tu, akamvuta mtoto kando, wakaenda zao. Ningependelea anitukane.

Sababu ya kuandika haya ni kwamba kibao kile nilijua kimelegea tangu mwezi wa tisa. Nilikuwa nakibana kwa karatasi iliyokunjwa. Nilifikiri ni kama redio mbovu au kioo cha dirisha kinachopanda kwa kusukumwa, kero tu ya gari kuukuu. Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza watu ninaopanda magari yao, na wengi nao wana kibao cha namna hiyo hiyo. Mmoja amekifunga kwa mpira wa noti. Mwingine kwa uzi wa viatu.

Mafundi wetu hukiita sanvaiza. Mimi nitasema kikinga-jua, maana ndiyo kazi yake.

Kwanza tuelewane kwamba hili si jambo dogo kwetu sisi tunaokaa hapa. Huku karibu na ikweta jua hupanda karibu wima na kushuka karibu wima, na mwaka mzima huchomoza na kutua kwenye mida ya saa kumi na mbili. Maana yake ni kwamba jua la chini, lile linaloingia machoni, halikai muda mrefu, lakini linakuja kila siku, na linakuja saa ile ile ambayo kila mtu yuko barabarani. Watoto wanakwenda shule, watu wanakwenda kazini, bodaboda zinapenya kila upenyo.

Anayekaa Mazeras au Mariakani na kufanya kazi mjini ndiye mwenye taabu zaidi. Barabara yake asubuhi yaelekea kusini mashariki, na jioni kaskazini magharibi. Msimu wa kaskazi, Desemba mpaka Februari, jua huchomoza kusini kidogo ya mashariki, kwa hivyo linamkabili uso kwa uso akishuka mjini. Ukiingia msimu wa kusi, mwezi wa sita na wa saba, jua hutua kaskazini kidogo ya magharibi, likawa linamngoja jioni akirudi. Yaani akipumua asubuhi, atalipia jioni. Watu wa Mtwapa na Kilifi, na wenzetu wa Ukunda, jua huwajia zaidi ubavuni. Kwao kikinga-jua hufaa kikizungushwa kwenye kioo cha pembeni, kazi ambayo madereva wengi hawajui kwamba kinaweza kuifanya. Kinachomolewa kwenye kulabu yake ya katikati, kisha kinasukumwa upande wa mlango. Nilikuwa na miaka sita ya kuendesha gari kabla ya kuonyeshwa hilo, na aliyenionyesha ni mtoto wa shule ya msingi.

Sasa tuingie ndani ya kitu chenyewe, kwa sababu ukijua kilivyoundwa hutadanganywa.

Kikinga-jua kimeshikiliwa na fimbo ya chuma iliyopinda kama herufi L. Mguu mmoja wa fimbo umeingia kwenye kitako kilichofungwa kwa skrubu mbili au tatu kwenye dari ya gari, pembeni karibu na mlango. Mguu wa pili umeingia ndani ya kibao. Kibao chenyewe ni maganda mawili ya plastiki yaliyobanwa pamoja, au povu gumu, kikafunikwa kwa kitambaa au plastiki laini. Ndani yake, pale fimbo inapopita, pana kibanio cha chuma chenye kunyumbuka kama springi. Kibanio hiki ndicho roho ya kitu chote. Kinaikaba fimbo kiasi kwamba kibao kinazunguka ukikisukuma, lakini hakizunguki chenyewe. Tena fimbo ina sehemu iliyopigwa bapa. Kibanio kikifika kwenye ubapa ule, unasikia kibao kimejifunga juu. Ndiyo ile hali ya kukisukuma kidogo kikamalizia safari chenyewe.

Upande wa pili, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, kuna kulabu ndogo ya plastiki. Hiyo inashika ncha ya kibao tu. Haihusiki na kukizuia kisianguke.

Joto ndilo adui. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani huku kwetu, ndani yake hupita nyuzi 50 bila taabu, na kikinga-jua kiko nyuma tu ya kioo cha mbele, mahali pabaya kuliko pote. Plastiki inayokishika kile kibanio hukauka, ikapasuka. Kibanio nacho kikichoka hukosa nguvu ya kukaba. Halafu kumbuka kwamba magari yetu mengi yanashuka bandarini yakiwa yametumika. Sheria inaruhusu gari la umri usiozidi miaka 8, na wengi wetu hununua lile lililokaribia mpaka huo kwa sababu ndilo la bei ya kushikika. Plastiki hiyo imeshaona majira mengi ya joto ya Japani kabla ya kuonja jua la Mombasa.

Na sisi tunaongeza. Tunapachika humo risiti, leseni, kalamu, miwani, pesa za kuvukia feri. Tunaning'iniza tasbihi na manukato. Mtoto anakivuta kwa pembe kujitazama kwenye kioo. Uzito wote huo unakitegemea kile kibanio kimoja.

Kabla ya kwenda kwa fundi, jaribu mwenyewe, gari likiwa limesimama. Kichomoe kibao kwenye kulabu ya katikati, halafu kizungushe juu na chini. Kikizunguka kilegevu kama mlango usio na komeo, na fimbo imetulia, basi kibanio au plastiki inayokishika imekwisha. Fimbo yenyewe ikicheza pale darini, tatizo ni skrubu au kitako. Kama kibao kinakaba vizuri lakini ncha ya katikati inainama, ni kulabu tu, na hiyo ni kipande kidogo cha bei ndogo kinachofungwa kwa skrubu moja au kuzungushwa robo mzunguko. Mwisho, kikilia kraa na ukaona maganda yamefunuka mdomo, ndiyo plastiki imepasuka.

Mimi nilikwenda kwa fundi bila kujaribu lolote kati ya hayo. Kijana, mwenye adabu, alikigusa mara moja akasema, "Mama, hii haitengenezeki. Nipe elfu tatu na mia tano nikuletee ya ex-Japan." Nikamwomba anionyeshe palipovunjika. Akaniambia ziko hivyo tu, zikishachoka zimechoka. Nikaondoka. Simlaumu sana, pengine ndivyo alivyofundishwa, kubadilisha badala ya kufungua.

Jirani yetu akanielekeza kwa mzee mmoja anayeshona viti vya magari, kazi yake ni viti na dari tu. Nilimtolea salaam, nikamweleza. Akakizungusha kibao mara tatu, ameinamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua.

"Mwanangu, fimbo yako nzima. Kitako kizima. Maganda ndiyo yamefunuka hapa kwenye fimbo, kibanio hakina pa kujishikia."

"Kwa hivyo ninunue kingine, mzee?"

"Utanunua, lakini si leo."

Alichukua viwili vya vile vikanda vya plastiki vya kufungia nyaya, vile vyenye meno ambavyo ukishavivuta havirudi. Akavipitisha kukizunguka kibao kizima, pale pale ambapo fimbo imeingia, kimoja hapa na kingine vidole viwili mbele. Akavuta kwa koleo mpaka maganda yakakutana. Akakata mikia, akageuza vifundo vikae upande wa darini visikwaruze mkono. Kibao kikasimama popote nilipokiweka. Shilingi mia mbili, na chai niliyonunuliwa mimi.

Dawa hii ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote ambaye maganda ya kikinga-jua chake yamefunuka. Vikanda viwe vipana kidogo, si vile vyembamba kama uzi, na uvivute polepole huku ukijaribu kuzungusha. Ukikaza kupita kiasi kibao hakitazunguka, na ukikilazimisha utavunja kitako darini, ukawa umeongeza kazi.

Kama maganda ni mazima lakini kibanio kimechoka, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukifungua kibao kwenye mshono wake na kukibana kibanio kwa koleo, kidogo kidogo. Inahitaji mkono mtulivu. Ya pili ni kuinenepesha fimbo. Kwenye baadhi ya magari kibao huchomoka kwenye fimbo kikivutwa sawasawa. Mafundi wa umeme wana mrija mwembamba wa plastiki unaojibana ukipashwa moto. Unauvika fimbo, unaupasha, unakirudisha kibao. Usitumie tepu ya umeme kwa kazi hiyo. Mimi niliitumia kabla ya kumjua yule mzee. Wiki ya kwanza ilikuwa shwari. Wiki ya tatu gundi ya tepu iliyeyuka kwa joto, ikawa uji mweusi unaoteleza, na kibao kikaanguka kwa urahisi kuliko mwanzo.

Gundi kali ya kukauka mara moja nayo watu huikimbilia. Ukiitia kwenye fimbo, umekigandisha kibao. Siku utakayosahau na kukisukuma, nguvu yote inakwenda kwenye plastiki iliyokauka. Isitoshe, mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye kioo na dashibodi. Gundi ya kuchanganya tubu mbili ndiyo inayofaa, na ni kwa ajili ya kurudishia maganda tu, mbali na fimbo. Safisha kwanza kwa spiriti, banisha usiku kucha, na usiguse mpaka asubuhi.

Ziko dawa za kubandika, kama velkro, ule utepe wa viatu vya watoto unaolia ukibanduliwa. Unabandikwa kwenye kibao na darini. Wengi wanasifu, nami sikatai kwamba kibao kinakaa juu. Lakini fikiria kazi ya kikinga-jua ni nini. Hukihitaji kikiwa juu. Unakihitaji kikiwa nusu, kimekata jua na kimeacha barabara. Velkro, mpira wa noti na karatasi yangu iliyokunjwa vyote vinatatua ile hali ya juu. Ukikibandua kwa ajili ya jua, kinakuangukia vile vile. Karatasi ile ndiyo iliyonifanya nijione nimetengeneza, mpaka siku ya tuktuk.

Skrubu za kitako zikilegea, zikaze tu. Zimefichwa chini ya kifuniko kidogo kinachobanduka kwa ukucha au bisibisi bapa. Nyingine zina kichwa cha nyota, kwa hivyo tafuta bisibisi yake usije ukazila. Ila hapa pana jambo la kuangalia. Skrubu ikipotea, usikubali fundi atie ndefu kuliko ya awali "ili ishike vizuri." Juu ya dari ile mna bati, mna nyaya, na kwenye magari ya karibuni mna mfuko wa hewa wa pembeni uliokunjwa ubavuni mwa dari. Kama kikinga-jua chako kina taa ndogo ya kioo, waya wake unapita ndani ya ile fimbo. Mwaka 2014 kampuni ya Chrysler ilirudisha magari kama 895,000 duniani, Jeep Grand Cherokee na Dodge Durango, kwa sababu waya wa taa ya kikinga-jua uliweza kubanwa au kukwaruzwa pale kilipofunguliwa na kurudishwa, ukaleta hatari ya moto. Hayo ni magari mapya kiasi. Basi wako, kikifunguliwa chini ya mwarobaini, simama uangalie waya umerudi mahali pake, na kama taa yenyewe huihitaji, muombe fundi auchomoe na kuufunga tepu ncha.

Vikanda vya yule mzee vilinisukuma miezi minane. Vilipokwisha, plastiki yote ilikuwa imepasuka, nikanunua kingine cha mtumba. Ukienda kununua, nenda na kile cha zamani mkononi. Cha kulia hakiingii kushoto, kwa kuwa fimbo zimepinda kinyume. Hata gari la jina moja, mwaka ukibadilika, pembe ya fimbo hubadilika na matundu ya skrubu husogea. Chukua na nambari ya muundo iliyo kwenye kibati cha gari. Dukani, kabla ya kutoa hata shilingi, kishike kwa fimbo, kiweke kibao nusu, kitikise. Kikishuka, kirudishe. Muuzaji atakwambia kikifungwa kitakaza. Hakitakaza. Mimi nilijaribu vitatu kabla ya kupata kinachosimama, na yule kijana wa duka alikuwa ameanza kuniita "inspekta."

Kama hujapata nafasi ya kutengeneza na kesho una safari, kitoe kabisa. Naona hili watu hawalipendi, lakini kisichokuwepo hakiwezi kukufumba macho ghafla. Vaa miwani ya jua, punguza mwendo, acha nafasi kubwa na aliye mbele. Na safisha kioo cha mbele upande wa ndani. Plastiki za dashibodi hutoa mvuke kwenye joto, mvuke unaganda kwenye kioo kama mafuta, na jua likipiga humo kioo kinageuka pazia jeupe. Siki kidogo kwenye maji, kitambaa kisafi, halafu gazeti kavu. Sisi wafupi tunyanyue kiti pia, kwa kuwa jua linalopita chini ya ukingo wa kibao linatufikia sisi kwanza.

Kwa kile kizima, kilinde. Egesha kivulini ukipata, au weka lile boksi la kukinga jua nyuma ya kioo. Ukikizungusha pembeni, kichomoe kwanza kwenye kulabu, na ukivute kwa upande wa fimbo, si kwa pembe. Toa mizigo yote. Na upande wa abiria usibandike kioo kizito wala kishikio cha simu, maana mfuko wa hewa ukifunguka vitu hivyo vitarushwa.

Changu kipya ni rangi ya maziwa, na dari yetu ni kijivu. Baba watoto alisema gari limevaa bandeji. Alichojali yeye ni ile stika ya dua ya safari iliyokuwa kwenye kibao cha zamani. Aliibandua kwa wembe na maji ya moto, ikatoka imekunjika pembe moja, akaibandika kwenye kipya. Leo asubuhi tumepita pale pale Changamwe, jua usoni, tumeruka tuta lile lile. Stika ilitikisika kidogo ile pembe yake. Kibao kilikaa.